Hifadhi ina mwenyewe, jiji lina mipango: kwa nini mpaka unazidi kuliwa?

#1 Mpangaji Mstaafu (mleta mada)

Salaam, wanajamvi.

Nimehamia upande wa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, baada ya miaka mingi ya kupanga Tabata, na tangu nijenge huku kuna jambo ambalo silielewi. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni ardhi ya umma iliyohifadhiwa kisheria, na una wakala wa serikali wenye maofisa, magari na mamlaka ya kukamata. Halmashauri nazo zina maofisa mipango miji, na jiji lina mpango kabambe, yaani mchoro mkuu wa matumizi ya ardhi yake. Hata hivyo, ukisimama barabarani ukatazama upande wa msitu, utaona nyumba zimeufuata hadi zimeugusa, na mahali pengine huwezi kusema kwa uhakika kama migomba unayoiona imepandwa ndani au nje ya hifadhi.

Hoja yangu ni kwamba hatuna upungufu wa sheria wala wa mashirika ya uhifadhi. Tunachokosa ni mpango wa makazi unaoanza kwa kuuliza hifadhi inaishia wapi, kisha ndipo viwanja vichorwe. Uhifadhi unafanywa na watu wa msitu, makazi yanapangwa na watu wa viwanja, na pande hizo mbili hukutana siku ya bomoabomoa tu. Nakaribisha kusahihishwa, na zaidi nataka kujua ni ofisi ipi hasa ya kuulizwa.

#2 Fundi Bikoni

Mleta mada, mimi ni mpima ardhi, na nitakujibu kwa kuanzia chini, yaani ardhini penyewe. Mpaka wa hifadhi unaouona kwenye ramani ni mstari safi, lakini huku nje ni nguzo fupi za zege zenye chuma na namba juu yake, zilizo mbali mbali, ambazo nyingi zimefukiwa, zimeng'olewa au zimejengewa. Kuna moja niliitafuta kutwa nzima pembezoni mwa jiji, nikaikuta ndani ya banda la kuku, imewekewa sufuria la maji juu yake. Mwenye banda hakuwa mvamizi kwa nia. Alidhani ni mabaki ya msingi wa nyumba ya zamani.

Liko pia tatizo ambalo madalali hawalijui na wanunuzi hawaambiwi. Ramani nyingi za zamani zilipimwa kwa mfumo wa viwianishi (namba za kuonyesha mahali) wa Arc 1960, ilhali simu ya mkononi husoma mfumo wa kimataifa wa WGS 84. Mtu akichukua namba za ramani ya zamani akaziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha, hapa kwetu anakosea kwa takriban mita 300. Mita 300 zinatosha kabisa kuuza viwanja vya mtaa mzima ndani ya msitu, huku muuzaji akikuonyesha simu na kukuapia kwamba uko salama.

#3 Wakili wa Kibarazani

Naomba tuweke msingi wa sheria ili uzi usipotee njia. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaigawa ardhi yote ya umma katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi, na yote imo mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Watu wengi wakisikia ardhi ya hifadhi hufikiria msitu na wanyama, lakini kundi hilo ni pana zaidi. Limo eneo lililotengwa kwa sheria za misitu, hifadhi za taifa, wanyamapori na hifadhi za bahari, na limo vilevile eneo la barabara kuu pamoja na lile lililotengwa kwa sheria za mipango miji na za viwanja vya burudani kwa umma.

Kwa maana hiyo, kiwanja cha wazi cha mtaani kwako, kile ambacho watoto walikuwa wakichezea mpira na leo kina gereji na baa, kiko katika familia moja ya kisheria na Msitu wa Pugu. Tofauti ni kwamba msitu una wakala, na kiwanja cha mpira hakina mlinzi.

#4 Mama Wawili

Fundi Bikoni (#2), umenigusa. Mimi nilinunua eneo huku pembezoni kupitia ofisi ya serikali ya mtaa mmoja ambayo sitaitaja. Mkataba wa mauziano uliandikwa, mashahidi wa pande zote mbili waliweka dole gumba, majirani waliitwa kuonyesha mipaka, na ofisi ikagonga muhuri baada ya kudai asilimia kumi yake. Baada ya masika kupita, maofisa wa misitu walikuja na kifaa chao, wakapita katikati ya shamba langu, na kuniambia kwamba jiko liko nje ya hifadhi lakini choo kiko ndani.

Nilirudi ofisini na karatasi yangu yenye muhuri. Nikaambiwa kwamba muhuri ule unathibitisha kuwa mauziano yamefanyika, na hauthibitishi kuwa muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Je, wanajamvi, mwananchi wa kawaida angelijuaje hilo kabla ya kutoa fedha yake?

#5 Dodoso

Mama Wawili, pole. Angalau jiko limepona.

#6 Mzee wa Michoro

Dodoso, mzaha wako una wakati wake.

Mleta mada amesema jiji lina mpango kabambe, na hapo ndipo ninapotofautiana naye. Dar es Salaam ilipata mpango kabambe mwaka 1949, mwingine mwaka 1968, na wa tatu mwaka 1979. Ule wa 1979 uliyatambua mabonde ya mito kuwa maeneo ya hatari yasiyofaa kwa makazi. Baada ya hapo jiji likaishi kwa muda mrefu sana likitegemea mchoro ambao umri wake ulikuwa umekwisha. Mwaka 1992 ulianza Mradi wa Dar es Salaam Endelevu, kwa msaada wa mpango wa Umoja wa Mataifa wa miji endelevu, na nia yake ilikuwa ndiyo hasa anayoizungumzia mleta mada: kuwakalisha wadau wa mazingira, wa ardhi na wa huduma katika meza moja. Ukazaa rasimu ya mpango mkakati wa maendeleo ya jiji mwishoni mwa miaka ya tisini, lakini rasimu hiyo haikupata kuidhinishwa rasmi. Mpango kabambe mpya wa 2016 hadi 2036 umekuja wakati jiji limekwisha kujipanga lenyewe.

Angalieni sensa. Mwaka 2002 mkoa ulikuwa na watu wapatao milioni 2.5, mwaka 2012 wakawa 4,364,541, mwaka 2022 wakafika 5,383,728. Watu wote hao walikuja, wakazaliwa, wakaoa na kujenga bila kusubiri mchoro. Kwa hiyo mimi siwalaumu wakala wa misitu wala wavamizi. Nalaumu pengo la miongo mitatu na zaidi kati ya mpango mmoja na mwingine.

#7 Karani wa Kata

Mzee wa Michoro, maelezo yako ni mazuri lakini yanatupa sababu ya kumlaumu marehemu. Mradi wa Viwanja 20,000 ulianza mwaka 2002 hapa hapa Dar es Salaam. Viwanja vilipimwa, barabara zilichorwa, na maeneo ya shule na ya wazi yalitengwa. Je, ni wangapi wa kipato cha chini walivipata, na ni vingapi vilinunuliwa na watu waliokuwa na nyumba tayari, vikaachwa vichaka kwa miaka? Maskini hakwenda msituni kwa kukosa mchoro. Alikwenda kwa sababu kiwanja chenye mchoro kilimshinda bei.

#8 Mtendaji wa Zamani

Nimewasoma wote kwa makini. Nilifanya kazi ya utendaji wa kijiji na baadaye wa mtaa, katika eneo lile lile, bila kuhama nyumba, na nadhani kuna jambo kubwa ambalo bado halijaguswa.

Wakati eneo letu lilipokuwa kijiji, halmashauri ya kijiji ilikuwa msimamizi wa ardhi kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Mtu akitaka ardhi, ombi lilipita halmashauri ya kijiji na kisha likaenda mkutano mkuu wa kijiji, ambako wazee walisimama na kusema waziwazi, "Hapo unapopataka ni msitu, hapagawiwi." Tulikuwa na kamati ya maliasili iliyowajua wachoma mkaa kwa majina, na mara nyingi iliwajua kwa sababu walikuwa binamu zao. Haikuwa kamati ya malaika, lakini ilikuwa na mamlaka, na mamlaka hayo yalikuwa na mkutano wa kuyahoji.

Jiji lilipotufikia, kijiji kikawa mtaa. Siku ile tulishangilia, kwa kuwa tulitarajia lami na maji. Kisheria kilichotokea ni kwamba ardhi ya kijiji iligeuka kuwa ardhi ya jumla, na usimamizi wake ukahamia manispaa. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa hata hatua moja ya ardhi. Amebaki na muhuri na shinikizo la wanunuzi. Kamati ya maliasili ilikufa bila kuagwa. Ofisa wa ardhi wa manispaa alikuwa mmoja kwa kata kadhaa na hakuwa na usafiri. Hivyo, katika kipindi ambacho thamani ya ardhi ilipanda kuliko wakati mwingine wowote, eneo lililopakana na hifadhi halikuwa na msimamizi wa karibu hata mmoja mwenye nguvu za kisheria. Alichokisimulia Mama Wawili (#4) kilizaliwa katika kipindi hicho.

Kwa hiyo nakubaliana na mleta mada kwamba pande mbili hazikutani, lakini namwongezea kwamba zamani kulikuwa na upande wa tatu, na sisi wenyewe tuliufuta kwa jina la maendeleo.

#9 Msitu Mnene

Masahihisho madogo kabla hatujaendelea. Kwanza, Pugu na Kazimzumbwi kwa sasa si misitu miwili ya hifadhi ya kawaida. Tangu mwaka 2020 imeunganishwa na kupandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na kiwango cha ulinzi wake ni cha juu zaidi. Pili, wengi humu mnaiita misitu ya Dar es Salaam, ilhali eneo lake linagusa Ilala na pia Wilaya ya Kisarawe katika Mkoa wa Pwani. Hifadhi moja imepakana na halmashauri mbili za mikoa miwili, kila moja ikiwa na maofisa mipango wake. Hilo peke yake ni jibu la nusu ya swali la #1.

Ukweli mwingine ni kwamba msitu huu ni mabaki ya misitu ya asili ya pwani ya Afrika Mashariki, yenye viumbe wasiopatikana pengine popote duniani, na uko takriban kilomita 20 tu kutoka Kariakoo. Ndani yake mna mahandaki ya zamani ya kuchimba udongo wa kaolini, ambayo sasa ni makazi ya popo kwa maelfu. Wakazi wengi wa jiji hili wamefika Serengeti kwa ziara ya shule lakini hawajafika Pugu.

#10 Dodoso

Wengine Serengeti tumeiona kwenye kalenda ya benki. Tufike Pugu kwanza, nauli yake tunaimudu.

#11 Mvuvi wa Kunduchi

Mada imeelemea nchi kavu mno. Huku pwani hali ni ile ile, ila imegawanyika vipande vingi zaidi. Mikoko yote ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo msimamizi wake ni TFS, chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini pamoja na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975, na vinasimamiwa na Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, ambacho kipo upande wa uvuvi. Fukwe na kingo za maji zinaangaliwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ambalo liko chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Mito inayoleta maji na taka hadi kwenye mikoko iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Kibali cha ujenzi kinatoka manispaa, na manispaa inawajibika TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa.

Mtu akijaza kifusi kwenye mikoko usiku ili apate kiwanja, asubuhi kila mmoja wa hao ana kipande cha kesi, na hakuna mwenye kesi nzima. Mwenye lori la kifusi analijua hilo kuliko sisi. Kwa hiyo maelezo yangu ni wingi wa mashirika, na siungi mkono hoja ya Mtendaji (#8) kwamba kosa lilikuwa kufuta kijiji. Huku kwetu hakukuwa na kijiji cha kufuta kwa miongo mingi, na mikoko imeliwa vilevile.

#12 Mkazi wa Mbezi Msakuzi

Na Msitu wa Pande je? Mbona haujatajwa? Nao TFS wanauangalia kweli, au umeachwa yatima?

#13 Msitu Mnene

#12, Pande hauko TFS. Ulikuwa msitu wa hifadhi, ukapandishwa kuwa Pori la Akiba mwaka 1990, na leo uko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Hiyo ndiyo sababu ukipeleka malalamiko kwa mtu wa misitu anakuelekeza kwingine, na hakukosea. Bahati mbaya ni kwamba wakazi wengi wa jiji wanaukumbuka kwa mauaji ya wafanyabiashara wa madini ya Januari 2006, na wachache sana wanaujua kama pori la akiba lililozungukwa na mji.

#14 Hesabu Haidanganyi

Nitasema jambo ambalo huenda halitapendeza. Shirika lolote linalojiendesha kwa makusanyo yake hulinda kwanza kile kinacholiingizia fedha. Wakala wa misitu hukusanya maduhuli ya mazao ya misitu, mkaa ukiwamo, na Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba takriban nusu ya mkaa wa nchi nzima huishia Dar es Salaam. Kwa hiyo utaona vizuizi vya kukagua mazao ya misitu kwenye kila barabara inayoingia jijini, na gunia lisilo na kibali halipiti kirahisi. Je, kuna kizuizi kinachofanana na hicho kwa lori la matofali linaloelekea mpakani mwa hifadhi? Manispaa nazo hupata fedha kwa vibali na urasimishaji wa makazi, na hakuna hata moja inayopata senti kwa kuacha eneo bila kujengwa. Haya ndiyo maelezo yangu, na nadhani yanameza mengine yote.

#15 Wakili wa Kibarazani

#14, hayamezi yote. Kuna siasa. Januari 2019 Rais Magufuli alisitisha kuondolewa kwa vijiji vilivyokuwa ndani ya maeneo ya hifadhi, na baadaye mwaka huo ikatangazwa kwamba vijiji 920 kati ya 975 vyenye migogoro ya aina hiyo vibaki vilipo. Siupingi uamuzi ule, kwa kuwa maelfu ya kaya zilipata usingizi. Lakini mtu anayenunua leo kando ya mpaka anajifunza kwamba subira inalipa, na kwamba akijaa yeye na jirani zake, mpaka ndio utakaosogea. Hakuna senti inayohusika hapo.

Na kwa Mvuvi (#11), uliyetaja kingo za maji: mita 60 zinazolindwa kando ya maji hazimo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 peke yake, kifungu cha 57. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inazitaja miongoni mwa ardhi hatarishi, ila huko inahitaji tangazo rasmi. Tofauti hiyo imewagharimu watu wengi mahakamani.

#16 Jirani wa Jangwani

Kwa kuwa mita 60 zimetajwa, mimi nimezaliwa na kukulia karibu na Bonde la Msimbazi, mto ambao vyanzo vyake viko katika vilima hivyo hivyo vya Pugu na Kisarawe mnavyovizungumzia. Kila mti unaokatwa huko juu, sisi tunaupokea huku chini kwa njia ya mchanga na maji. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipotupiga, baadhi yetu tulihamishiwa Mabwepande mwaka 2012. Tulipewa viwanja, na shukrani zilitolewa. Lakini Mabwepande ni mbali na Kariakoo, na mtu anayeishi kwa kuuza maji ya baridi na nguo za mtumba hawezi kulipa nauli ya kwenda na kurudi kila siku kisha akabaki na faida. Wapo waliouza viwanja vyao wakarudi bondeni. Mwishoni mwa 2015 na Januari 2016 nyumba zikawekewa alama ya X na kubomolewa, na baada ya muda mabanda yakarudi tena.

Mlioandika hapo juu mmezungumzia mpaka, mamlaka na fedha. Hakuna aliyezungumzia kwamba mtu huishi karibu na riziki yake. Isitoshe, Mabwepande yenyewe iko jirani na Pande. Kwa kuokoa ardhi moja ya hatari tuliusogeza mji ukingoni mwa hifadhi nyingine, na sijui kama yeyote aliyepanga zoezi lile aliwaza hivyo.

#17 Mzee wa Michoro

Jirani wa Jangwani, mchango wako ni mzito. Sasa upo Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, na sehemu ya wazo lake ni kulifanya bonde la chini kuwa bustani ya jiji ili eneo liwe na matumizi yanayoonekana. Nadhani huo ni mwelekeo sahihi, kwa sababu ardhi ya umma isiyotumiwa na umma hugeuka kuwa ya mtu.

#18 Mpita Njia wa Nairobi

Naongezea nililoliona kwa majirani. Msitu wa Karura uko ndani ya Nairobi kabisa, na miaka ya tisini ulikuwa ukimegwa viwanja kwa ajili ya watu wakubwa. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alipigwa huko Januari 1999 alipokwenda kupanda miti. Leo una uzio wa umeme, njia za kutembea na za baiskeli, kiingilio, na unasimamiwa na Shirika la Misitu la Kenya pamoja na chama cha wananchi. Kwa nini Pugu isifanywe hivyo?

#19 Mtendaji wa Zamani

#18, Karura imezungukwa kwa sehemu kubwa na mitaa ya balozi na matajiri, ambao wanaweza kuchangia uzio. Nitajie ubalozi mmoja ulioko Chanika. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Ruvu Kaskazini, ambako kuanzia mwaka 2000 kaya za jirani zilipewa vipande vya ardhi ndani ya msitu wa hifadhi zipande miti ya kuni pamoja na chakula, kwa makubaliano. Pia kuna Duru-Haitemba kule Babati, ambako vijiji vilikabidhiwa misitu yao katikati ya miaka ya tisini na misitu ikarudi. Lakini kote huko kilikuwapo kijiji cha kukabidhiwa. Narudi palepale: mtaa hauna mikono ya kupokelea.

#20 Karani wa Kata

Mtendaji, mitaa si mikiwa kiasi hicho. Hananasifu katikati ya miaka ya tisini wakazi wenyewe walichimba mifereji ya maji ya mvua kwa mikataba ya jumuiya, na ulikuwa mtaa, tena usiopimwa. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata kuchora mifereji, nyumba na maeneo yanayofurika, nyumba kwa nyumba, kwa ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Kama waliweza kuchora mfereji, wanaweza kuchora mpaka wa hifadhi. Kinachokosekana ni mtu wa kuwapa viwianishi sahihi, na hapo namtazama Fundi Bikoni.

#21 Fundi Bikoni

Viwianishi si siri. Tatizo ni kwamba kuviweka hadharani kunazua maswali kuhusu nyumba zilizokwisha kujengwa ndani, zikiwamo za watu wenye vyeo, na hakuna mkuu wa idara anayependa maswali ya namna hiyo mezani kwake.

#22 Ghorofa Moja Tu

Wote mnazunguka. Jiji hili lina nyumba za chini kutoka Ubungo hadi Kibamba. Mnataka hifadhi ipone huku kila mmoja wetu anataka nyumba yake, geti lake na mwembe wake? Pandisheni ghorofa, na msitu utapumua. Mleta mada mwenyewe ameacha nyumba ya kupanga Tabata akaenda kujenga Chanika.

#23 Mpangaji Mstaafu (mleta mada)

#22, umenipata, lakini Tabata kodi ilikuwa ikidaiwa kwa mkupuo wa miezi sita. Ahsanteni nyote. Bado sijajibiwa ofisi ya kuulizwa ni ipi, ingawa sasa ninazo tano za kuanzia.

#24 Mkazi wa Mbezi Msakuzi

Kabla uzi haujazama: nimeonyeshwa eneo karibu na Pande na muuzaji anataka malipo ya awali wiki hii. Nifanye nini kwanza?

#25 Fundi Bikoni

Usilipe. Nenda ofisi ya mipango miji ya manispaa yenu, uliza kama eneo hilo lina mchoro ulioidhinishwa, na utaje namba ya mchoro kama muuzaji amekupa. Kisha mchukue mpima mwenye leseni, akusomee viwianishi vya pembe za kiwanja, umpe ofisa wa TAWA avilinganishe na mpaka wa pori. Muuzaji akikasirika kwa kuombwa haya, umekwisha kupata jibu lako.

#26 Mama Wawili

Na majibu yote uyapate kwa maandishi, mdogo wangu, yenye jina na saini ya aliyekujibu. Mimi niliyapata kwa mdomo.

#27 Mvuvi wa Kunduchi

Nami naongeza: nenda ukayatazame maji yanakopita wakati wa masika. Mchoro ulioidhinishwa ninao wa kiwanja kimoja cha ndugu yangu huku kwetu, umegongwa mihuri yote, na Aprili kinapitisha mtumbwi. Mzee wa Michoro, hilo nalo ni pengo la mpango wa 1979, au lina jina jingine?